Siku moja maishani mwangu: nakata tiketi za ndege Kariakoo

Saa 11 alfajiri niko kituoni Kimara nasubiri mwendokasi. Saa 1 na nusu nafungua ofisi: meza, kompyuta, tufe la dunia na uzi wangu mwekundu.

Saa 2 asubuhi anaingia mama mmoja kutoka Tegeta. Dada yake anafanyiwa upasuaji kesho huko Mwanza. "Mwanangu, nipande basi au ndege?" Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, ni kama kilomita 1,150, basi la alfajiri linafika usiku, na la leo limeshaondoka. Angani ni kama kilomita 850. Nagawanya kwa 800, kilomita za ndege kwa saa, naongeza nusu saa ya kupaa na kutua, napata saa moja na nusu.

Lakini siwezi kumwacha na hiyo saa moja na nusu. Uwanjani awepo saa mbili kabla, na foleni ya kutoka Tegeta naihesabu saa mbili nyingine. Atoke nyumbani saa 6 na nusu mchana. Mlango wake hadi uwanja wa Mwanza, ni saa tano na nusu.

Anaitazama tiketi: 16:30. "Saa kumi na sita ndiyo saa ngapi?" Nachukua kalamu, naandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa: SAA 10 NA NUSU JIONI. Miaka minne iliyopita mteja wangu alisoma 07:00 akajua ni saa saba mchana. Alipofika, ndege ilikuwa imeondoka tangu asubuhi, na msiba wa baba yake hakuuwahi. Nilimpa karatasi bila kumsomea. Bado inaniuma.

Mchana ni risiti na simu tu.

Saa 8 anakuja kijana wa duka la vitenge, safari yake ya kwanza Guangzhou. Nanyoosha uzi juu ya tufe: unavuka Bahari ya Hindi, unapita kusini mwa India, unaishia China. Kama kilomita 8,700. Tiketi inaonyesha anaondoka saa 4 asubuhi na kutua saa 7 na nusu usiku. "Dada, saa kumi na tano na nusu angani?" Hapana, kaka. China wametutangulia saa tano. Toa hizo, zinabaki kumi na nusu. Anahesabu kwa vidole mara mbili, kisha anatabasamu.

Saa 12 na dakika 25 jioni nafunga mlango. Jua limeshazama, taa za Msimbazi zinawaka. Simu inalia, ni yule mama: "Nimetua salama, mwanangu. Mbona huku jua bado lipo?" Namwambia Mwanza iko magharibi yetu, saa ni ileile ila jua linachelewa kuwaaga. "Basi nitamkuta dada kabla ya giza," anasema, na nasikia anamwita bodaboda.