Kikao cha matuta
Jana jioni tumekaa saa mbili nzima tukibishania matuta ya mtaani kwetu. Nilikwenda nikiwa upande wa "yawekwe hata kesho", maana wiki iliyopita pikipiki ilimkosakosa mwanangu, kiatu chake kikabaki katikati ya barabara.

Basi akasimama mzee mmoja, ambaye tuta la kwanza lingekaa mbele ya dirisha lake. "Nyinyi mtalala. Mimi nitasikiliza breki na gia usiku kucha." Nikakosa jibu. Mama mwingine akauliza: na mgonjwa aliyevunjika nyonga, arushwe tuta baada ya tuta?

Fundi wa barabara akaeleza kuna matuta yaliyokatwa vipandevipande: gari pana la wagonjwa linapita kipande kikiwa katikati ya magurudumu, gari dogo lazima lipande. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, breki zinahitaji umbali mara nne kulisimamisha gari. Ukumbi kimya, kisha kelele zikarudi palepale (wanaopinga zaidi ndio wanaokimbiza magari, nawajua).

Tumekubaliana kuanza kwa kupunguza upana wa barabara kwenye kona ya shule. Mzee yule ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.