Mabesi wenzangu, mmemsikia Simon Estes, yule besi wa opera (michezo ya jukwaani inayoimbwa)?

Foleni ya Mwenge jana imenifaidisha, nimemsikiliza huyu mzee mpaka kituo kikanipita. Jamani!

Mimi naimba sauti ya nne kwenye kwaya yetu hapa Kijitonyama. Kazi yetu mnaijua: soprano wanabeba wimbo, sisi tunashikilia "do" huko chini mpaka kifua kinatetemeka. Kumbe kwenye opera mwenye sauti nzito anapewa wafalme, makuhani, mababa wakali na shetani mwenyewe. Mapenzi wameachiwa matena, wale wanaume wa sauti ya tatu. (Dhuluma ipo kila mahali.)

Estes ni mjukuu wa mtumwa, kazaliwa Iowa, Marekani, 1938. Mwaka 1978 akasimama Bayreuth, Ujerumani, kwenye jumba la opera la mtunzi Wagner, akaimba nafasi ya yule nahodha Mholanzi aliyelaaniwa kuzurura baharini. Mwanaume wa kwanza mweusi kupewa nafasi kuu pale. Na anapita juu ya okestra nzima bila maiki. Bila maiki! Sisi umeme ukikatika tu tunaanza kuangaliana.

Wakati huo alikuwa na miaka 40. Sauti nzito huchelewa kukomaa kuliko za matena, kwa hiyo mkimwona mwalimu wetu wa kwaya mwambieni anivumilie, bado naiva.