Hema letu la wagumu linaitwa Minnesota

Nina misimu saba ya kubeba mizigo Kilimanjaro, na katika misimu mitano ya kwanza sikuwahi kupata usingizi Barafu. Kujilaza nilijilaza. Macho nilifumba. Usingizi ndio haukuja.

Barafu ni kempu ya mwisho kabla ya kilele kwa wanaopanda kupitia Machame, juu kidogo ya mita 4,600, na aliyeipa jina hilo hakuwa anatania. Wageni hulala pale saa chache tu. Saa tano usiku wanaamshwa, wanapewa chai na biskuti, wanaondoka na taa vichwani kwenda kuitafuta Uhuru. Sisi wagumu, yaani wapagazi, ndio tunaobaki na usiku wote. Mjini Moshi, mwezi wa saba, nyuzi 16 zinatutosha kuvaa masweta na kulalamika kwenye daladala. Sasa kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi sita na nusu, na kutoka mjini mpaka Barafu kuna karibu mita 3,800. Piga hesabu, halafu weka na upepo.

Hema letu ni lile kubwa la kusimama ndani, la kitambaa kimoja, chini turubai. Tunalala wanaume tisa, tumepangwa kama ndizi kwenye tenga. Mchana ni jiko, usiku ni bweni. Saa nane za usiku mvuke wa pumzi zetu unakuwa umeganda darini, na upepo ukilitikisa hema, ile theluji yetu wenyewe inatumwagikia usoni. Kukipambazuka jua linaiyeyusha, slipingi begi zinalowa, na kesho yake unabeba kilo za maji juu ya kilo za mzigo.

Dawa ya kwanza tuliyoijaribu ni ya kijinga, na naisema ili mwingine asiirudie. Tuliacha jiko la gesi likiwaka kidogo, tukafunga zipu zote. Joto lilikuja, tena zuri, tukapiga stori za Yanga na Simba. Baada ya muda dogo mmoja aliyelala karibu na jiko akaanza kulalamika kichwa. Tukamwambia ni mwinuko, kunywa maji. Akatapika. Mwinuko, tukasema tena. Mpishi wetu, mtu mzima aliyeanza kupanda kabla sisi hatujazaliwa, ndiye aliyeshtuka kwamba na yeye kichwa kinamgonga, na yeye mwinuko ulishamzoea miaka mingi. Akaruka, akazima jiko, akafungua hema lote, akatutoa nje mmoja mmoja kama mbuzi. Dogo alikaa kwenye mawe kama nusu saa, amefunikwa mablanketi, ndipo akarudiwa na rangi.

Nilikuja kuelewa baadaye. Jiko likikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na kule juu hewa yenyewe tayari ni pungufu. Ubaya zaidi, dalili zake ni zilezile za ugonjwa wa milimani: kichwa, kichefuchefu, uchovu. Unaweza kufa huku wenzako wanakuambia unywe maji. Tangu usiku ule jiko letu huzimwa chakula kikiiva, na mtungi hulala nje.

Dawa ya pili haikuwa ya hatari, ilikuwa ya aibu tu. Niliokota zile shuka za kung'aa kama foili ambazo wageni huziacha, nikazibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Usiku kucha zilipiga kelele, kwaru kwaru, kama mtu anafungua pipi kanisani. Asubuhi maji yalikuwa yanachuruzika juu yake. Wenzangu walinipa jina ambalo siliandiki hapa.

Sasa nije kwa Mmarekani. Alikuwa mgeni wetu, mstaafu, mtu wa jimbo la Minnesota. Tulipofika kempu ya Shira aliingia hemani kwetu kutusalimia, akashika ukuta, akatazama chini, akacheka. Kiongozi wetu akatafsiri. Mzee alisema kwao maziwa huganda wakati wa baridi, watu wanatoboa barafu kwa keekee kubwa, wanakaa juu yake ndani ya hema dogo la kubeba, wanavua samaki kwenye lile tundu. Barafu ikiwa nene sentimita kumi hivi inambeba mtu.

Mpishi akauliza kwa nini wasingoje barafu iyeyuke. Mzee alifikiri, akasema hajawahi kuulizwa hivyo.

Lakini kwenye suala la hema alikuwa mwalimu. Alisema kosa letu, kama la kila mvuvi anayeanza, ni kuhangaika na kuta wakati joto linapotelea chini. Barafu inanyonya miguu. Kwao mtu anatandika kwanza sponji ngumu sakafuni, anaacha tundu la kuvulia tu. Halafu anakusanya theluji kuzunguka pindo la hema ili upepo usipite chini. Halafu anafikiria kuta, na kuta zenyewe ziwe nguo mbili zenye hewa katikati. Na juu lazima kuwe na tundu la hewa, hata kama roho inakuuma kuliacha wazi. Nikamwambia kiongozi amuulize: joto litatoka wapi kama jiko haliwashwi? Mzee akatuhesabu kwa kidole. Tisa. Akasema mtu aliyelala anatoa joto kama balbu ya zamani ya wati 75. Tisa ni kama hita ndogo ya umeme. Hita tunayo, tunaipasha Kibo yote.

Niliposhuka mpaka geti la Mweka sikwenda hata kunywa. Nilioga, nikaenda mjini kutafuta sponji.

Hapa ndipo penye utaalamu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sponji ya godoro haifai. Inafyonza maji, na ukiilalia inabanwa mpaka unahisi jiwe. Inayotakiwa ni ile nyeupe, nyepesi, yenye vijipovu vilivyofungwa kila kimoja peke yake, inayofungiwa majokofu na televisheni. Maji hayaingii na hewa haitoki. Pale Double Road nilimkuta mwenye duka akiirundika nyuma ya duka.

"Mangi, hii mnaitupa?"

"Tulikuwa tunaitupa. Sasa umeuliza, ni elfu tano."

Nikalipa. Nilipata vipande vya kutosha sakafu yote, unene wa kidole, na vyote pamoja havikufika kilo tatu. Uzito ni jambo kubwa kwetu: mzigo hupimwa getini na mwisho ni kilo 20, kwa hiyo kitu chochote unachoongeza lazima ujue nani atakibeba na kwa nini akubali.

Nilidhani uzito ndio shida pekee. Safari ya kwanza nilivingirisha sponji yote ikawa bunda moja, nene kama pipa, nikaibeba kichwani. Msituni ilikuwa raha, wenzangu wananionea wivu. Siku ya Ukuta wa Barranco, pale ambapo unapanda kwa mikono na miguu, upepo ukaikamata. Bunda lisilo na uzito ni tanga. Liliniyumbisha mara mbili, mara ya tatu nikaamua bora liende lenyewe, nikaliachia likagota kwenye mwamba, mwenzangu wa nyuma akalidaka kwa mguu. Jioni ile kwenye kempu ya Karanga nilichukua kisu cha mpishi nikalikata vipande tisa. Tangu hapo kila mtu anabeba kipande chake ndani ya begi, upande wa mgongoni, na kinamsaidia hata mchana kwa sababu vyombo havimchomi mgongo. Hemani tunavilalisha vikipandana kidogo, kama mabati, na nimeshonea velkro pembeni visiachane. Ikiachana, asubuhi utamkuta mtu amelala na mbavu kwenye ufa, hataki kusalimiwa.

Sakafu peke yake ilibadilisha mambo kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimenunua kipimajoto kidogo cha friji, nikawa natazama hewa ya ndani, na hewa haikupanda sana. Lakini watu walilala. Mgongo ukiwa mkavu na haunyonywi na mawe, mwili unajimudu.

Nguo ya pili niliifanya mwezi uliofuata. Mitumba ya soko la Memorial ina rundo la mashuka ya poliesta ambayo hakuna anayeyataka kwa sababu yanateleza. Hayo hayo. Ni mepesi, yanakauka haraka, na yanapitisha mvuke. Hili la mvuke ndilo nililokosea kwenye foili. Shuka ikipitisha mvuke, unyevu wa pumzi unapenya, unakwenda kugandia kwenye kitambaa cha nje, kule kwenye baridi. Ukidondoka unadondokea shuka, si pua yako. Nilibeba mashuka manne mpaka kwa fundi cherehani, mama mmoja Majengo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mapambo haya, una harusi?"

"Ni ya hema la mlimani, mama. Nataka dari."

"Mlima wenyewe hauna dari, wewe unautafutia?" Lakini alishona, tena vizuri, na akanishauri jambo ambalo Mmarekani hakulisema: kamba za kuning'inizia ziwe na urefu tofauti, katikati fupi, pembeni ndefu, ili dari iiname na maji yateremke pembeni badala ya kujikusanya katikati kama chungu. Mimi nilikuwa naifikiria tambarare.

Dari inaning'inia vidole vinne chini ya kitambaa cha nje. Vidole vinne si namba ya kitabuni. Nilijaribu viwili, upepo ukawa unazigusanisha zile nguo mbili na baridi inapita. Nilijaribu mkono mzima, mpishi akawa anagonga kichwa. Kuta nimeziwekea upande mmoja tu, ule wa upepo. Kuzungusha hema zima kungeongeza kilo na ubishi.

Theluji ya kurundika pindoni mara nyingi hatuna, au ipo kidogo na ngumu. Mawe tunayo. Nabeba viroba kumi vitupu vya mchele, havina uzito wowote, tukifika tunavijaza changarawe tunavilaza kuzunguka pindo upande wa upepo. Asubuhi tunamwaga palepale. Mara ya kwanza tulichelewa kuvimwaga na kiongozi akatuwahisha, tukasahau, kumbe dogo mmoja amekunja kiroba na mawe yake akakibeba mpaka Mweka. Alituuliza kwa nini kushuka ni kugumu hivi.

Matundu ya hewa ni mawili: zipu ya mlangoni inaachwa wazi kiganja kimoja kwa chini, upande usio na upepo, na dirisha dogo la juu haliguswi na mtu. Hili bado linaleta ugomvi. Kila safari kuna mgeni katika kundi, mgumu mpya, anayeamka usiku kulifunga dirisha akidhani anatusaidia. Na kweli, ukilifunga, kwa dakika ishirini unasikia joto zaidi. Kisha unyevu unapanda, kila kitu kinakuwa kibichi, na ubichi ndio baridi yenyewe. Nimelishonea dirisha kitanzi na kulifunga kwa kamba nje. Anayetaka kulifunga lazima avae viatu atoke, na Barafu saa tisa za usiku hakuna anayetaka hivyo.

Vipimo vyangu ni hivi. Julai ya kabla ya matengenezo, usiku wa anga safi, nje kipimajoto kilisoma hasi nane na ndani hasi tano. Usiku wa anga safi ndio mbaya kuliko wote, maana hakuna wingu la kulizuia joto la ardhi lisiende zake. Julai iliyofuata, anga ileile, nje hasi saba, ndani mbili. Mbili juu ya sifuri, si hasi. Najua mtu wa Dar atacheka kwamba nyuzi mbili ni sherehe. Chupa za maji hazikuganda. Soksi nilizovua zilikunjika asubuhi badala ya kusimama zenyewe. Mpishi aliwasha jiko bila kuvunja barafu sufuriani, na kwa kuwa hakuvunja barafu hakututukana, na uji ukawahi.

Kingine kidogo: maji ya moto yanayobaki baada ya chai ya wageni tunajaza kwenye chupa ngumu za kunywea, tunavisha soksi, tunaweka miguuni. Asubuhi ni maji ya kunywa. Hakikisha mfuniko. Nimejifunza kwa slipingi yangu mwenyewe.

Wenzangu sasa wanaliita hema Minnesota. Tukikaribia kempu utasikia mtu anauliza kwa mbali, "Minnesota imesimama?" Mzee yule tulimtumia picha kupitia simu ya kiongozi. Akajibu kwa picha yake: amekaa ndani ya hema lake kwenye ziwa, chini sponji, mkononi samaki mmoja mdogo kuliko sato wa kupewa nyongeza sokoni. Mpishi aliitazama picha ile muda mrefu, akairudisha simu bila kusema neno.

Tatizo lililobaki sijalipatia dawa. Hema linalozuia joto kutoka linazuia na mengine kutoka, na wanaume tisa wametembea siku nne. Tumeweka sheria kwamba soksi zilale kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, nje ya hema, chini ya jiwe. Dogo wa kiroba anasema zake si mbaya. Tunapiga kura kila jioni.