Nati ya difu ya 240Z na siku nne za kulala chini ya gari

Niseme tu ukweli, kosa lilikuwa langu. Ijumaa jioni nimetoka kazini, nikaingia chini ya Datsun 240Z yangu ya 1972, nikafungua nati ya chini ya difu (lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma), ile ya kumwagia oili, ikatoka bila shida, oili nyeusi kama mafuta ya mandazi ya wiki nzima ikashuka kwenye karai na mimi hapo najiona fundi. Ndio sasa nikageukia ile ya juu ya kuwekea. Ikakataa. Hata kulia kidogo haikulia. Na kila mtu anayeshika spana anajua unaanza na ya juu, ukiweza kuifungua ndio unamwaga, mimi mwenyewe nishawahi kumkemea kijana kwa hilo. Sasa difu haina oili, gari haiwezi kutoka, na imekalia nafasi mbili za pakingi kwenye ploti yetu South B, Nairobi.

Hii gari nilinunua kwa sababu ya hadithi za mjomba. Alikuwa anasimama barabarani kuangalia Safari Rally, yale mashindano ya magari ya huku kwetu, na 240Z ilishinda mara mbili, 1971 na Edgar Herrmann, halafu 1973 na Shekhar Mehta, ile ambayo Mehta alilingana pointi na Datsun nyingine ya Harry Källström hadi ikabidi watafute njia ya kuwatenganisha. Gari imepita matope ya Pasaka huko kote, mimi inanishinda kwenye simiti, kwa nati moja.

Kilichonipeleka huko chini ni mlio, difu ilikuwa inaimba ukifika 80, na ukiachia klachi unasikia kong! kutoka nyuma. Nikasema nianze na oili.

Sasa hiyo nati haina kichwa cha kushika na spana, ina tundu la mraba katikati, mpini wa nusu inchi unaingia moja kwa moja bila soketi lakini unacheza kidogo, na huko kucheza ndio ugonjwa wenyewe. Tena iko nyuma ya difu, karibu na ile chuma ndefu iliyopinda kama masharubu inayoshikilia difu, kwa hivyo mpini unazunguka kidogo tu unagonga. Nikajaribu kulala kichwa kikiwa upande wa mbele, mkono unapita juu ya difu, navuta kwa kupapasa. Nusu saa nzima. Halafu nikakumbuka nati inaangalia nyuma na mimi niko upande wa pili, yaani hiyo nusu saa yote nilikuwa naikaza. Sikumwambia mtu.

Jumamosi nikapulizia WD-40 asubuhi, mchana na jioni kama dawa ya hospitali, nikagonga katikati ya nati na nyundo, nikachomeka paipu kwenye mpini ili uwe mrefu. Nikavuta, nikasikia imesogea kidogo, nikafurahi, kumbe sio nati, ni kona za tundu zimeanza kulika. Hapo nikaacha. Ukizimaliza hizo kona umebaki na kuchomelea au kutoboa, na vyuma vidogo vinaangukia kwenye gia.

Jirani akaniletea fundi na mtungi wa gesi. Nikamwonyesha tanki la petroli liko wapi, hapo hapo nyuma, karibu kabisa na difu. Akasema, "Bosi, mimi nitachoma pole pole." Nikamlipa ya nauli akaenda.

Jumapili ilipita hivyo. Jumatatu nikaomba ofu nikaenda Kamukunji, hapa hapa Nairobi, kwa wale wazee wa jua kali wanaofua vyuma, nimebeba ile nati ya chini kama sampuli maana matundu yanafanana. Mzee mmoja akaigeuzageuza, akaingiza kidole kwenye tundu, akauliza, "Kijana, nani alikufunza kutumia kitu kinalegea?" Akachukua kipande cha eksili kuukuu, akakata kama urefu wa kidole, akaanza kupiga tupa, anajaribu, anatoa, anapiga tena mara mbili tatu tu upande mmoja, anajaribu. Mwishoni ilikuwa haiingii kwa mkono, mpaka uigonge. Upande wa pili akachomelea nati kubwa ya kuingia soketi ya 19. Nilitaka kumwambia iko tait sana, akanitangulia, "Hivyo ndivyo inatakiwa."

Kurudi nyumbani nikagonga ufunguo wangu mpya ndani ya tundu hadi ukakaa, nikaweka soketi na mpini mrefu. Safari hii nikatumia akili. Ukiwa nyuma ya gari unaangalia mbele, mpini ukae kulia, halafu jeki ya magurudumu chini ya ncha yake iusukume juu, hapo unafungua. Nikapiga jeki pole pole, nikaona gari inainuka kutoka kwa stendi ya upande huo na nati bado imelala. Nikashusha haraka, moyo unaenda mbio, hapo nilikuwa natafuta kifo. Moto siwezi, basi nikapeleka sufuria ya maji yanayochemka, nikafunga matambara kwenye difu kuzunguka nati, nikamwagia, nikangoja, nikamwagia tena, sufuria tatu. Halafu nyundo mara kumi hivi juu ya ufunguo. Nikarudi kwa jeki, nikaipa mzigo kidogo tu stendi zisisikie, nikaiacha hivyo nikaenda kukunywa chai.

Nikiwa na kikombe mkononi nikasikia TAK! hadi mzee wa geti akakuja kuuliza ni nini imelipuka.

Nati ilikuwa imepakwa silikoni ya gasketi hadi juu, na vile ilikazwa ni kama kuna mtu alikuwa na hasira. Nikaisafisha na brashi ya waya, nikazungushia tepi nyeupe ya mabomba. Oili ni ya gia, 80W-90 ya GL-5, inaingia kama lita moja, na kwa sababu chupa haiingii huko nilinunua sirinji ya ng'ombe ya mil 60 kwa agroveti pamoja na kipande cha paipu. Ya kumi na saba ndio oili ikaanza kurudi kwa tundu, ikashuka kwenye mkono wa shati. Nikafunga, kwa nguvu ya kawaida, bila paipu.

Jioni nikaitoa Mombasa Road. Kwa 80 mlio umepungua sana. Lakini kong! bado ipo, hiyo sasa naona ni ule mpira wa kushikilia difu upande wa mbele, na mpira wenyewe bado sijapata.