Makala yetu imetoka leo

Miaka mitatu ya kazi, wahakiki wameirudisha mara mbili, na leo asubuhi nakuta barua pepe: imechapishwa!

Nilidhani nitapiga vigelegele.
Badala yake nimeganda kwenye Jedwali la 2.

Vifo vya watoto chini ya miaka 5, kwa kila vizazi hai 1,000. Takwimu hii tuliipata kwa kumuuliza mama mmoja mmoja: umezaa wangapi? Wangapi wako hai?

Mama mmoja alinihesabia kwa vidole. Alipofika cha nne, akakikunja taratibu, akakishika kwa mkono wa pili. Hakusema kitu. Nami nikaandika.

Kidole kile kimo humu, kwenye desimali.

Mliowahi kukusanya data nyumba kwa nyumba, ni jibu gani bado mnalo moyoni?