Jina la kwenye ukingo

Jana nilikuwa Newala kwa mama. Msimu wa korosho umeshika, ua mzima unanuka mabibo. Baada ya chakula akatoa kopo kuukuu la maziwa ya unga, ndani yake mna nishani ya babu. Mara ya mwisho kuishika nilikuwa darasa la tatu.

Ni ya fedha. Upande mmoja kichwa cha mfalme George wa 6, upande wa pili maneno ya Kiingereza ya kusifu ushujaa vitani. Utepe ni wa buluu iliyoiva, katikati mistari myeupe na myekundu, nusu yake imeliwa na panya. Nikawasha tochi ya simu nisome ukingo: namba, kikosi, na jina lile tulilozoea wote, ubini wa mama.

"Hilo si jina la baba," mama akasema.

Nikadhani ni uzee. Kumbe.

Babu alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Akiwa kijana alivuka kukimbia shokoa, kazi ya kulazimishwa, ya Wareno, akaja kukata mkonge Lindi. Huku Wamakonde wa Msumbiji kama yeye waliitwa Wamawia, na hawakuitwa hivyo kwa mapenzi. Waingereza walipoandikisha Keya, askari wao wa Afrika Mashariki, aliogopa akiulizwa kwao atarudishwa, basi akaazima jina la mzee aliyempa pa kulala. Aliyedanganyika ni mzungu mwenye daftari tu. Foleni nzima ilikuwa inamsoma chale za usoni.

Jina la kuazima ndilo lililokwenda Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakateremka bonde la Kabaw mvua zikinyesha, mpaka mto Chindwin. Babu alikuwa akisema walivaa kifaru begani. Utotoni nilijiuliza ni bega gani hilo la kubeba kifaru. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ni nembo, kichwa cha mnyama. Habari zake za vita zilikuwa matope na ruba. Wajapani aliwataja kama watu wa kijiji cha jirani tu, bila chuki. Wakubwa walidhani Waafrika wameshazoea malaria, hakuna cha kuwatisha kule. Babu alirudi na homa iliyomtetemesha kila mwaka hadi anakufa.

Ya nishani alieleza kwa sentensi moja: "Mwenzangu alipigwa, na chumvi yetu ilikuwa kwenye mkoba wake." Akarudi peke yake penye risasi, akambeba. Hapo alikuwa ananyamaza, sisi tunacheka ile chumvi. Jana mama akamalizia: mwenzake hakufika asubuhi. Chumvi ilifika.

Vita ilipokwisha, malipo yakatoka kwa jina la daftarini, naye akabaki nalo. Akaoa nalo, akazaa nalo.

Nikipita Naliendele, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, huwa namkumbuka. Wao walivuka Ruvuma kwenda, yeye alivuka kuja.

Jina lake la ng'ambo mama alinitajia, mara mbili, kwa sauti ya chini kana kwamba yule mwenye daftari bado yupo mlangoni. Siliandiki hapa. Kwanza nimelikosea kulitamka, mama akanisahihisha, nikakosea tena.

Kisha akafunika kopo, akaniuliza kama nimeanua korosho, maana mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa mtoni.