Jinsi Wazee Wanne Tulivyofanikiwa Kuiona Msondo Ngoma Jijini Mbeya

Nimeipenda bendi ya dansi ya Msondo Ngoma tangu ilipoitwa JUWATA Jazz, lakini nilifikisha miaka 63 kabla sijaiona kwa macho yangu. Sisi tuliokulia Rungwe tuliijua kwa sauti tu: bendi ilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, nasi tukaipokea jioni, mawimbi yakija na kupotea kila mvua ya Tukuyu ilipochachamaa. Chuo cha ualimu tulikuwa wanne tuliozunguka redio moja ya betri. Mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alipoihama bendi hiyo na kujiunga na Mlimani Park Orchestra, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza, mmoja wetu alimfuata moja kwa moja, na amebaki mtu wa Sikinde, kama bendi hiyo ya Mlimani Park inavyoitwa, hadi leo. Tumebishana naye miaka yote hiyo, kwanza kwa barua na baadaye kwa simu.

Niliposikia kwamba Msondo ingepiga katika ukumbi mmoja jijini Mbeya mwezi wa Julai, niliwapigia wenzangu wote siku ileile. Wa Tunduma alikubali kabla sijamaliza kueleza. Wa Mbalizi alihofia goti lake, ambalo halistahimili kusimama sana wala baridi ya Julai. Mtu wa Sikinde, anayeishi Kyela, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nitakuja kwa ajili yenu, lakini msinitake nipige makofi."

Kwa kuwa muziki wa dansi hupamba moto usiku wa manane, tulijua kwamba kwa umri wetu tusingeweza kwenda kiholela. Tulichangishana kwa simu kwa miezi miwili, tukachukua vyumba viwili katika nyumba ya wageni iliyo karibu na ukumbi, ili asiwepo wa kutafuta usafiri usiku, na sote tukafika mchana. Shemeji yetu wa Mbalizi alimfungia mumewe koti zito na dawa ya presha, akatuagiza tulale hadi magharibi, nasi tukatii. Usingizi ule ulitusaidia kuliko maandalizi mengine yote. Mimi nilikwenda mapema kumwomba msimamizi wa ukumbi meza ya ukutani, mbali na spika, naye akatupa bila kinyongo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa huzuni. Mwimbaji wa Msondo, TX Moshi William, alifariki mwaka 2006, na Gurumo, ambaye baadaye alirudi Msondo, akafuata mwaka 2014; sauti nilizozishika moyoni tangu ujana nisingezisikia tena. Waimbaji waliosimama pale waliimba kwa koo zao wenyewe bila kuwaiga marehemu, jambo ambalo niliwaheshimu sana. Hata hivyo beti za kwanza nilizisikiliza kama mgeni. Kisha wimbo ukafika pale maneno yanapokwisha: gita la solo likaanza kuzunguka juu ya ridhimu, besi ikashuka, tumba zikaingia, tarumbeta na saksafoni zikajibu kwa pamoja, nami nikaitambua bendi yangu kama mtu anavyoutambua mwendo wa ndugu yake akiwa bado mbali barabarani.

Redioni magita yalitufikia yameungana kama gita moja. Pale ukumbini niliweza kuona kila sauti inatoka mkononi mwa nani, na nikagundua kwamba mapigo ambayo kwa zaidi ya miaka 40 nilidhani ni ya mtu mmoja yalikuwa ya watu wawili wanaopokezana, huyu akiacha nafasi na mwenzake akiijaza. Nilimshika mkono rafiki yangu wa Tunduma nikamwonyesha, naye akatikisa kichwa tu, machozi yakimlengalenga. Bendi nyingi zimeacha ala za kupuliza na kuweka kinanda mahali pake, kwa kuwa wapulizaji ni wachache na wanahitaji kulipwa. Kwa maoni yangu, bendi hii iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA isingekuwa Msondo tena kama ingezitupa tarumbeta zake.

Katika wimbo wa nne au wa tano, yule mwenye goti alisimama, akaishika meza kwa mkono mmoja, akacheza taratibu hadi mwisho, kisha akaketi na kulisugua goti lake bila kulalamika. Mtu wa Sikinde alikuwa ameficha mikono ndani ya koti, na kwa kweli hakupiga makofi hata mara moja.

Tulitoka saa tisa usiku, baridi ikichoma masikio. Yeye alitangulia mbele, na tulipomkaribia tukamsikia akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa Msondo, tena akiujua hadi ubeti wa mwisho. Mlangoni pa nyumba ya wageni akatuambia kwamba sasa deni liko kwetu: Mlimani Park ikipiga popote kati ya Iringa na Mbeya, tutakwenda sote. Mchango umeanza tena mwezi huu, shilingi 10,000 kila mmoja, na mweka hazina ni yeye.